Wenye taslimu wamehamia supamaketi, wa mkopo wamebaki kwangu. Duka la mtaani nilifanyeje?

DadaWaIlemi

Habari zenu wadau, na shikamooni wakubwa wote.

Nina duka la rejareja Ilemi, hapa Mbeya. Ni duka la dirisha lenye nondo, si kubwa. Alilianzisha marehemu mama. Alikuwa na meza ya nafaka Mwanjelwa, na soko lilipoungua mwaka 2006 alipoteza kila kitu isipokuwa mizani, kwa sababu siku hiyo ilikuwa kwa fundi. Akatoboa ukuta wa sebule yetu, akapachika nondo, akagongesha kaunta ya mbao, akaanza na nusu gunia la mchele wa Kyela na katoni mbili za sabuni ya mche. Mizani ile ndiyo ninayopimia mpaka leo. Mimi nimelishika duka mwaka wa sita huu.

Miezi minane iliyopita ilifunguliwa supamaketi mwendo wa dakika nne kutoka kwangu. Taa nyeupe, vikapu, mashine ya risiti, mlinzi mlangoni. Sina ugomvi nao. Kinachonikosesha usingizi ni hiki: wateja wangu wenye mshahara, walimu, manesi, vijana wa gereji waliolipwa, kuanzia tarehe 25 mpaka tarehe 5 siwaoni. Nawatazama kupitia nondo wakipita na mifuko. Ikifika tarehe 12 hivi wanarudi mmoja mmoja: "Dada, niandikie robo ya sukari." "Dada, niandikie na kipande cha sabuni."

Jana usiku nilikaa na kauntabuku langu nikajumlisha. Majina 31, jumla 742,000. Mtaji wangu wote haufiki milioni tatu. Mmoja ana 96,000 tangu mwezi wa tatu, na Jumamosi nimemuona kwa macho yangu anatoka supamaketi na mfuko wa ngano na mafuta ya lita tano. Niliumia sana.

Niwape hesabu ili mnishauri mkijua. Mfuko wa sukari kilo 50 nimeununua Mwanjelwa 138,000, bajaji 2,000. Nikiuza kilo kilo kwa 3,000 napata 10,000 tu kwa mfuko mzima. Nikiuza robo robo kwa 800 napata 20,000, hapo hujatoa inayomwagika, na inamwagika. Supamaketi wanauza kilo kwa 3,000 hiyohiyo, robo hawana.

Robo ndiyo duka langu. Na mafuta ya kupima. Wenzetu wa joto hawajui kwamba huku mwezi wa sita na wa saba mafuta ya mawese yanaganda ndani ya ndoo mpaka kijiko kinasimama wima. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nawasha jiko la mkaa, naweka ndoo pembeni yake, naigeuza kila baada ya muda ili isiyeyuke upande mmoja ikaharibika plastiki. Saa kumi na mbili kasoro mama muuza maandazi anafika na chupa yake ya maji ya nusu lita, amejifunga vitenge viwili kwa baridi, ananunua ya 1,500. Hela ya lita nzima hana, na hata angekuwa nayo, supamaketi inafunguliwa saa mbili. Saa mbili yeye ameshamaliza kuuza.

Halafu kuna mambo ya mtaa. Mwaka jana nyumba ya tatu walifiwa, wakagonga dirisha saa saba usiku. Nilitoa sukari kilo tano, majani ya chai, mchele kilo ishirini, mishumaa, na sufuria langu kubwa likaenda hukohuko. Sikumwandikisha mtu saini. Baada ya kuanua matanga mzee wa kamati alileta hela yote, hata mia haikupungua.

Sasa kaka yangu anasema nifunge. Kuna mtu anataka fremu aweke saluni, anatoa 80,000 kwa mwezi na kodi ya miezi sita mkononi. Nimefikiria pia kufuta mkopo kabisa na kubandika karatasi dirishani. Lakini nikifuta mkopo, hawa waliobaki si nao wataondoka? Nishaurini, hasa wenye maduka ya namna hii huku Nyanda za Juu Kusini.

---

MzigoMakambako

Pole dada, na hongera kwa kulishika duka la mama.

Mimi ni mzaliwa wa Makete, nauza jumla Makambako. Kabla ya hapo nilikaa miaka mitano dukani kwa mjomba hapohapo Mwanjelwa. Wakinga wenzangu wanaujua utaratibu: mshahara hakuna, unakula na kulala kwa mjomba, ukimaliza miaka yako anakupa mzigo wa kuanzia. Mwaka wa kwanza sikuruhusiwa kugusa droo ya hela, nilipima tu. Na kitu cha kwanza nilichofundishwa baada ya kupima ni deni.

Mjomba hakuandika kila kitu. Unga, sukari, chumvi, mafuta, sabuni na kiberiti, aliandika. Soda, biskuti, sigara na vocha hata mke wake alilipa taslimu. Vocha ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ukikopesha vocha ya elfu moja umemkopesha mtu elfu moja ya noti, na kamisheni yake haikufikishi popote. Fungua hilo kauntabuku lako uhesabu vocha ziko ngapi. Nakwambia utashangaa.

Pili, kila jina lilikuwa na kikomo. Cha huyu elfu kumi, cha yule elfu ishirini, alikijua mjomba na alikijua mteja. Kikifika, kitabu kinafungwa mpaka alipe hata nusu. Hakugombana na mtu maana walikubaliana siku ya kwanza. Wewe hukuweka kikomo, ndiyo maana umefika 96,000, na hapo lawama si ya mteja peke yake, naomba usinikasirikie.

Tatu, fanya hesabu ya hiyo 742,000 iliyolala. Tuseme mzigo wako unazunguka mara mbili kwa mwezi na kila elfu kumi inakuletea elfu moja. Hiyo ni karibu 148,000 kila mwezi ambayo huipati. Kaka yako anakutaka ufunge duka kwa ajili ya 80,000! Kabla hujafikiria kodi ya fremu, rudisha hata nusu ya hela iliyo kwa majirani.

Kwenye kilo nzima usishindane na supamaketi, iuze bei moja naye. Faida yako iko kwenye robo na kwenye kipimo. Na tafuta wenzako watatu au wanne wa mtaa huo mkodi kirikuu kimoja kuchukua mzigo pamoja. Nina wateja wa Njombe wanafanya hivyo, nawapa bei ya mtu wa mifuko kumi ingawa kila mmoja anachukua miwili au mitatu.

Usije ukakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kujazia mashelfu. Hapo sina maelezo zaidi, usikope.

---

Kijana_wa_Tunduma

Dada funga, chukua hiyo laki nne na themanini ya miezi sita, tafuta kijisehemu barabarani uwe wakala wa miamala. Hela haigandi kama mafuta.

Ila pia msisahau mwaka 2025 serikali ilizuia wasio raia kufanya rejareja. Ushindani utapungua wenyewe.

---

MzigoMakambako

Mdogo wangu, ile amri ya mwezi wa saba 2025 iliacha supamaketi nje, isome vizuri. Halafu huyo mwenye supamaketi ya Ilemi ni raia kama mimi na wewe. Supamaketi nyingi ninazoziuzia mimi, Njombe, Mafinga na huko Mbeya, wenyewe ni watu wa hapahapa, na wengine walianzia dirishani kama dada. Wale wakubwa wa kutoka nje tumewaona Dar es Salaam: Shoprite waliwauzia Nakumatt mwaka 2014, Uchumi wakafunga 2015, Nakumatt nao wakafuata baada ya miaka michache, hao wawili wakiwa wanadaiwa na waliowapelekea mzigo. Deni linaua mkubwa na mdogo. Ndiyo maana namwambia aanze na daftari.

---

NesiForest

Dada wa Ilemi, mimi ni mmoja wa hao unaowaona wanapita na mifuko. Si kwako, nakaa mtaa mwingine, lakini nina duka langu la dirisha ambalo nalikwepa vilevile. Nikueleze ukweli kutoka upande wangu.

Bei zile hazitofautiani sana, najua. Lakini dirishani lazima niulize bei ya kila kitu, na nyuma yangu kuna foleni ya watu watano wanasikiliza. Nikiuliza maziwa ya unga nikaambiwa bei, nikaona siwezi, inabidi niseme "basi" mbele ya jirani. Supamaketi nashika kopo, nageuza, nasoma bei na tarehe ya kuisha, narudisha, hakuna aliyejua. Mwaka juzi niliuziwa ngano dukani ikiwa na wadudu. Niliporudi nikaambiwa "ulichukua mwenyewe." Sijaenda tena pale.

La pili ni gumu zaidi kulisema. Ukishakuwa na deni dirishani, huwezi kwenda pale na hela mkononi. Mshahara ukitoka una ada, kodi, nauli ya wiki, mzazi kijijini. Ukibaki na elfu thelathini ya chakula, ukaenda nayo kwa dada unayemdai... samahani, anayekudai, ataona una hela na atasema lipa kwanza. Ukilipa, watoto wale nini? Kwa hiyo unapita njia ya nyuma, unaipeleka ile elfu thelathini supamaketi ambako hudaiwi. Tarehe 12 imeisha, unarudi kwa dada umeinamisha kichwa. Sisemi ni sawa. Nasema ndivyo inavyokuwa, na sidhani kama wenye maduka mnalijua hili.

Duka langu lingeniambia "leta hata elfu tano ya deni, na hiyo nyingine nunua," ningenunua palepale, maana kubeba mfuko kutoka kituoni na zamu ya usiku imenichosha si raha.

---

DadaWaIlemi

Nesi, nimeisoma mara tatu. Nilidhani wananidharau. Yule wa 96,000 kila akija dirishani mimi ndiye ninayeanza: "Na lile la zamani je?" Nasema kwa sauti, mteja mwingine yupo. Sikuwahi kufikiria kwamba namfukuza mimi.

Asante sana kwa kusema.

---

MwalimuKihesa

Mwanangu wa Ilemi, marahaba. Nipo Kihesa, Iringa, mwalimu mstaafu. Kamwene nyote.

Nataka niwakumbushe jambo ambalo vijana hamkulikuta. Mwaka 1976 nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja cha wilaya ya Iringa, mshahara mdogo, kitanda cha kamba. Ilipita Operesheni Maduka, Waziri Mkuu akiwa Mzee Rashidi Kawawa. Maduka ya watu binafsi yalitakiwa yafungwe, nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ilielezwa kuwa njema: kumwondoa mlanguzi. Kijijini kwetu lilikuwapo duka moja, la mzee mmoja ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimeandikwa kwenye daftari lake. Likafungwa. Likafunguliwa duka la kijiji kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mbolea.

Nililiunga mkono, nisiwadanganye. Nilishika ufunguo kwa zamu, nikiwa katika kamati. Bidhaa zilitoka kwenye kampuni ya biashara ya mkoa, tulizoea kuiita RTC. Zilipofika zilifika kwa mkupuo, na zilipokwisha zilikwisha. Lakini hata siku zilipokuwepo, duka lilifunguliwa mwenye zamu alipotoka shambani. Bibi aliyetaka chumvi ya senti thelathini aliambiwa asubiri, tulikuwa hatuna kipimo kidogo hivyo na hakuna aliyetaka kusimama kumpimia. Yule mzee aliyefungiwa alikuwa na kijiko cha bati kwa ajili hiyohiyo. Kijiko! Sisi kamati nzima tulishindwa kazi ya kijiko cha bati.

Agizo lenyewe lililegezwa baadaye, uhaba ulipozidi. Ikaja vita ya Kagera 1978, ikaja miaka ya foleni, ukaja msako wa wahujumu uchumi 1983, watu wakatupa sabuni na khanga usiku wasikutwe nazo. Mwaka 1984 ndipo watu waliporuhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na mashelfu yakaanza kuwa na kitu. Mzee alifungua tena. Alikuja nyumbani kwangu kunisomea deni langu la 1976, shilingi kumi na moja na senti, alilitunza daftari miaka yote hiyo. Alilisoma taratibu, ndani, tumekaa, mke wangu ametuletea chai. Nikalipa siku hiyohiyo, na nikanunua kwake mpaka nilipohamishwa.

Nakuelezea kwa sababu umejiuliza kama ubandike karatasi. Karatasi dirishani inamwambia kila mtu, na aliyekukosea hajui kama ni yeye. Mtu mmoja mmoja anaelewa akiendewa kwa heshima yake.

---

MzigoMakambako

Mwalimu shikamoo. Senti zile na shilingi kumi na moja baada ya miaka yote hiyo, thamani yake ilikuwa imeshaisha!

---

MwalimuKihesa

Marahaba. Ilikuwa imeisha, ndiyo. Nilitaka nimwongezee akakataa, akasema kitabu kinasema kumi na moja.

---

DadaWaIlemi

Nimerudi wadau. Wiki imepita.

Vocha kwenye kauntabuku: 118,000. MzigoMakambako, ulijuaje! Nimeshaacha, na hakuna aliyenuna isipokuwa kijana mmoja wa bodaboda ambaye siku ya pili alikuja na buku yake mkononi kama kawaida.

Kaka nimemwonyesha ile hesabu ya 148,000. Alinyamaza, akachukua kalamu akaikokotoa upya mwenyewe, akasema basi nimpe mpaka mwisho wa mwaka. Saluni wametafuta kwingine.

Bei nimeziandika. Nilikata maboksi ya sabuni, nikaandika kwa kalamu nene: kilo, nusu, robo, na mafuta kwa kipimo cha 500, 1,000 na 1,500. Nimezibandika upande wa nje wa nondo ili mtu asome kabla hajafika kaunta. Nesi, hilo nimelifanya kwa ajili yako. Jana dada mmoja alisimama kama dakika mbili anasoma tu, akahesabu hela yake pembeni, ndipo akaja kuagiza. Zamani huyo angeondoka. Na vya karibu kuisha muda nimevitoa mbele nimevipunguzia bei na kusema wazi kwamba vinaisha mwezi huu. Pakiti sita za maziwa zilikuwa zimeshapita, nimezitupa. Imeniuma, ila ni bora ziniume mimi.

Kuhusu kirikuu, nimeongea na wenye maduka wawili. Mmoja amekubali. Mwingine anaogopa nitaijua bei yake ya ununuzi. Tutaanza wawili, tumwache aone.

Waliolipa wiki hii ni tisa, jumla 163,000. Wote niliwaendea nyumbani jioni, hakuna niliyemsomea dirishani. Niliwaambia: leta unachoweza kila mwezi, na hela yako ya chakula njoo nayo kwangu, sitaikamata. Wanne kati yao wamekuja kununua taslimu palepale siku iliyofuata. Wengine wawili niliowaendea hawakunifungulia mlango.

Yule wa 96,000 bado. Nimefika mpaka getini kwake mara mbili nikarudi, mara ya kwanza walikuwa na wageni, mara ya pili miguu ilikataa tu. Ana mtoto anasoma darasa moja na wangu, na mama yake ndiye aliyemwosha mama yangu siku ya msiba. Kesho Jumapili baada ya ibada nitamwendea. Sitaenda na kauntabuku, nimeiandika namba kwenye kikaratasi kidogo, na nusu kilo ya sukari ya kwenda nayo nimeshaifunga.